Nilivyomtafutia Toto wa Marlesby Kaburi

Jumamosi, Rongai. Asubuhi baridi, mchana jua la kupasua kichwa, na sasa jioni mawingu yamekaa upande wa mlima Menengai kama watu wanaongoja kusikia nitasema nini.

Kwanza mjue mnasoma nani. Mnasoma mtaalamu mkuu wa koo za Waingereza katika Bonde la Ufa lote, kutoka Naivasha mpaka Londiani, na kama kuna mwingine ajitokeze tupimane. Mfalme wao akipotelewa na binamu, anipigie mimi.

Shule niliachia Form Two. Mwalimu wetu wa historia alisema mimi sitawahi kujua jambo lolote lililotokea kabla ya chai ya asubuhi. Sasa nendeni mkamuulize mhunzi wa Marlesby aliitwa nani.

Mimi najua. Aliitwa Amos. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na binti zake wote waliolewa na ndugu wa nyumba moja, wa pale pale ng'ambo ya barabara.

Marlesby ni kijiji huko Uingereza. Parokia ndogo tu: kanisa, baa, kinu cha kusaga ngano, na kondoo wengi kuliko watu. Sijawahi kufika. Hata Mombasa sijafika. Lakini nipe jina la mtu yeyote aliyebatizwa pale nami nitakwambia mama yake, shamba lao lilipakana na la nani, na waligombania kisima gani. Wale watu wameoana wenyewe kwa wenyewe mpaka ukiuchora ukoo wao unafanana na wavu wa goli.

Haya yote nimefundishwa na Mzee Edwin, kwa simu, na leo Mzee Edwin amekuja.

Wacha niandike polepole.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kanisa la mawe lililojengwa na masetla, wale Wazungu wa mashamba makubwa. Ufunguo unakaa na shosho, mama ya baba yangu. Yeye hufagia, hubadilisha maua, hufukuza popo. Mimi kazi yangu ni nyasi za makaburini. Makaburi yenyewe si mengi na yote ni ya Wazungu. Watu wetu waliolima hayo mashamba wamelala huko chini ya mahindi, hawana jiwe, na kila msimu trekta inapita juu yao.

Mara moja moja Mzungu huandikia kanisa akitafuta babu yake. Pasta alichoka kujibu, akaanza kutoa namba yangu. Nikaenda nikasoma mawe, nikapiga picha, nikatuma. Watu wakashukuru. Nikaanza kujisikia. Ndivyo namba yangu ilivyofika Marlesby.

Mzee Edwin Tuckwell alizaliwa hapa, kwenye shamba lililotoka kanisani mpaka kwenye reli. Baba na mama yake wote wawili walikuwa watoto wa Marlesby. Walirudi kwao Edwin akiwa bado mdogo, akakulia huko, akazeekea huko, na maisha yake yote amekuwa akiandika historia ya ile parokia: kila nyumba, kila ndoa, kila aliyezikwa. Kitabu kimekwisha. Kimebaki na pengo moja tu, na pengo lenyewe liko nyumbani kwake mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mtoto huyo aliugua homa akafa hapa Rongai, akazikwa hapa, kisha familia ikaondoka. Wazazi hawakumtaja tena mpaka wakafa. Hakuna picha. Edwin hajui hata jina, kwa sababu nyumbani kila mtu, kuanzia mama mpaka mpishi, alimwita Toto. Ameandikia maofisi ya kwao na ya kwetu, hakuna aliyempa kitu.

Binti yake Ruth ndiye alikuwa akinipigia. Akaniambia baba yake hataki kufa kabla ya kujua Toto aliitwa nani na amelala wapi. Kisha Mzee mwenyewe akachukua simu akasema nikimpata, jina langu litaandikwa ndani ya kitabu.

Jina langu. Kariuki wa Rongai, ndani ya historia ya Marlesby, kwenye kabati la kanisa lao, mpaka dunia iishe.

Nilitangaza kwa stendi nzima. Kiplagat, rafiki yangu, yule anayejifanya mwerevu kwa sababu alimaliza Form Four, akaniambia, "Buda, watu wanatafuta kazi, wewe unatafuta Wazungu waliokufa? Babu ya babu yako mwenyewe unamjua?"

Nikamwambia hiyo si kazi niliyopewa.

Walicheka mpaka mama wa mahindi choma naye akacheka. Iliniuma kidogo. Tuendelee.

Sasa sikilizeni akili. Kwetu jina haliokotwi barabarani. Kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba. Wa pili ni baba ya mama. Mimi ni wa kwanza, kwa hivyo mimi ni babu yangu. Ndiyo sababu shosho huniita "mume wangu," na siku akiamka vibaya hunigombeza kwa pombe ambayo babu alikunywa kabla mimi sijazaliwa. Mtu akijua mpango huu, anaweza kuingia boma lolote akataja majina ya watoto kabla hajapewa kiti.

Toto alikuwa kijana wa pili. Nikafungua mchoro wa ukoo ambao Ruth alinitumia. Baba ya mama: William, mwenye kile kinu, yaani posho mill yao. Kazi imekwisha! Nikachukua kipande cha mkaa nikaenda makaburini.

Makaburi ya watoto ni machache, na mawe yake ni haya yetu ya manjano, laini, mvua imeyalamba mpaka yamekuwa kama sabuni iliyotumika. Moja lilikuwa na W. Baada ya W kulikuwa na mikwaruzo. Nikapaka mkaa, nikainama, nikafumba jicho moja. William. Haki ya Mungu niliiona yote, mpaka M ya mwisho.

Nikawatumia ujumbe.

Ruth alipiga simu ya video. Mzee alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, akilisema jina lile polepole, William, William, kama mtu anayejaribu kiatu kuona kama kinamtosha. Kisha akafunika uso kwa mikono miwili na simu ikageuzwa ikaangalia ukuta.

Wakakata tiketi. Ruth akaomba jiwe jipya, fundi wa hapa mjini akalichonga vizuri, William Tuckwell, ndugu ya Edwin, kwa Kiingereza. Tulipong'oa lile la zamani lilivunjika mikononi kama biskuti. Sikujali. Niliona kazi yake imekwisha.

Leo asubuhi nilianza na mbuzi wa shosho. Mbuzi huyo hufungwa kule chini kabisa, karibu na seng'enge, kwenye kijikaburi ambacho hakina herufi hata moja, kwa sababu jiwe lake lina pembe nzuri ya kushika kamba. Nikamhamisha, nikafagia mavi, nikavaa shati la harusi ya binamu yangu.

Gari lilifika. Mzee akashuka na fimbo yake, mrefu, mwembamba, kofia imemkalia masikioni. Hakuangalia mlima wala kanisa. Aliangalia chini, udongo. Kisha akaniangalia mimi.

"Jambo, toto. Wewe ile Kariuki?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Wewe kidogo sana."

Mimi! Na hizi ndevu! Lakini alisema akitabasamu. Kiswahili chake kimegandia pale alipokiacha akiwa mtoto wa jikoni, Kiswahili cha kuagiza. Alipoketi tu akasema, "Lete chai, pesi pesi," kisha akashtuka, akaona haya, akamshika shosho mkono akaomba msamaha kwa Kiingereza.

Shosho alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. "Mwacheni. Huyu ameongea kama mnyapara wetu wa zamani, nimejisikia msichana tena." Halafu akanigeukia. "Nawe mume wangu, usisimame hapo kama nguzo ya stima. Letea wageni vikombe."

Ruth amekuwa akijifunza Kiswahili kwa simu. Neno mume alilijua. Aliangalia shosho, akaniangalia mimi, akaweka kikombe chini kwa uangalifu sana.

Nilifurahi, kwa sababu hapa ndipo ninapong'aa. Nikamweleza mpango wote kwa Kiingereza changu cha Form Two, ambacho hakina mapambo lakini kinafika. Wa kwanza ni baba ya baba, wa pili ni baba ya mama. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyomjua William.

Nilimwambia na kifua mbele.

Ruth alipiga makofi. Akasema ni jambo zuri sana, na kwamba angependa hata wao wangekuwa na desturi kama hiyo. Kwao, akasema, mtu huchagua tu jina analopenda. Baba yake aliitwa Edwin kwa sababu daktari aliyemzalisha aliitwa Edwin. Shangazi yake mmoja alipewa jina la farasi aliyeshinda mbio. Alidhani natania kuhusu kulipata jina kwenye mchoro wa ukoo. Alidhani jina nililisoma kwenye jiwe, maana ndivyo nilivyowaandikia.

"Nyinyi hamrithi majina?" nikauliza.

"Wakati mwingine," akasema. "Ikitokea."

Ikitokea.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka. Nikatoa simu chini ya meza nikafungua mchoro. Edwin, kijana wa kwanza. Baba ya baba yake: George, si Edwin. Ilikuwa hapo siku zote. Na mbaya zaidi, nilikuwa nimeiona. Niliiona siku ya kwanza kabisa nikaipita, nikajiambia labda huyo George alikosana na mtoto wake.

Kwa hivyo W yangu ilikuwa ya nani? Walter? Wilfred? Ingeweza hata kuwa msichana, Winifred wa watu, analala pale na jiwe kubwa la mvulana kifuani.

"Mume wangu, mbona jasho?" shosho akauliza.

Nikasema ni chai.

Hapo ndipo ningeongea. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini Mzee alikuwa amesimama, ametoa mfukoni mwa koti kikopo kidogo cha bati. Ndani kulikuwa na udongo wa kaburi la mama yake, kutoka Marlesby. Alikuwa amesafiri nao akiukumbatia kama kifaranga. Akasema, "Sasa. Onyesha mimi."

Nikamwonyesha. Ningefanya nini?

Ni hatua chache kutoka mlangoni mwetu mpaka lile kaburi, lakini leo zilikuwa ndefu kama barabara ya Eldoret. Mzee alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mifupa na ngozi.

Tulimsaidia kupiga magoti. Alilipitia jina lote kwa kidole, herufi moja moja. Akamwaga ule udongo wa mama yao juu ya kaburi, akautandaza kwa kiganja. Akaongea kwa Kiingereza, chini chini. Sikusikia yote. Nilisikia "samahani" yao, mara nyingi. Ruth alikuwa amegeuka analia upande wa uzio wa miti ya kei, na shosho, ambaye hajui Kiingereza, alikuwa analia pia.

Kisha Mzee akainua kichwa. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

"Gari moshi iko wapi?"

Akarudia, halafu akaingia Kiingereza, akaeleza. Imemrudia sasa hivi, alisema, hapa hapa magotini. Siku ya mazishi baba yake alimbeba mabegani. Watu wote walikuwa wanalia, na yeye hakuelewa ni kwa nini. Treni ikapita chini ya shamba. Yeye akaipungia mkono, akapiga kelele za furaha, na mama yake akamtazama. Ule mtazamo ameishi nao mpaka leo. Kwa hivyo anajua, kutoka kwenye kaburi la Toto treni ilionekana.

Na sasa, alipokuwa amepiga magoti, mbele yake kulikuwa na ukuta wa kanisa tu.

Mimi nimekata nyasi pale tangu niache shule. Najua kila pembe. Reli haionekani kutoka popote katika yale makaburi, isipokuwa mahali pamoja. Kule chini. Kwenye seng'enge. Kwa mbuzi.

Ilinijia mara moja, yote, kama maji ya baridi mgongoni.

"Kanisa lilipanuliwa, mzee," nikasema. Kwa Kiswahili. Sijui maneno yalitoka wapi. "Zamani lilikuwa dogo. Huu ukuta haukuwako."

Mzee akautazama ukuta. Mtu ambaye maisha yake yote amesoma kuta za makanisa. Akautazama sana. Kisha akanitazama mimi na yale macho yake ya rangi ya maji, akauliza maneno mawili tu.

"Wewe hakika?"

Nilimjibu. Nitawaambia nilimjibu nini, nipeni nafasi nivute pumzi.

Akatikisa kichwa kukubali. Akachota udongo wa lile kaburi, akaujaza kwenye kikopo, akafunga kifuniko. Atauweka kwa mama yake, ili mama na mtoto wakae pamoja. Ruth akapiga picha ya jiwe kwa ajili ya kitabu. Kwenye jiwe la familia huko Marlesby wataongeza jina, William, na mwakani au mwaka wowote mtu akifungua historia ya parokia ile atakuta pengo limejazwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, ni mimi nililijaza.

Walipoondoka Mzee alinikumbatia. Alinuka naftalini ya kabatini. Sasa wako hotelini Nakuru, na ndege yao ni kesho jioni.

Shosho alingoja mpaka vumbi la gari likakaa.

"Mume wangu," akasema. "Kanisa lilipanuliwa lini?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Maana mimi ndiye nalifagia. Lingekuwa limeongezeka, huu mgongo ungejua."

Nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba babu yangu alikuwa na makosa mengi, ya pombe na ya wanawake, lakini hilo langu hakuwa nalo, na sasa hajui nimelitoa wapi. Akaingia jikoni.

Nikaenda kumrudisha mbuzi mahali pake. Nikafika na kamba mkononi, nikashindwa kuifunga. Nikaketi kando ya lile jiwe lisilo na herufi. Kutoka pale reli inaonekana yote, inatoka upande wa Nakuru, inapinda, inaingia mahindini. Mtoto akiwa mabegani mwa baba yake angeona kila behewa.

Sasa niko hapa kwa ngazi za nyumba na simu. Namba ya Ruth iko mbele yangu. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta.

Naweza kujitetea. Jina? Mtu yeyote wa kwetu angefanya hesabu ile ile. Jiwe lililovunjika? Lilikuwa bovu. Mikwaruzo? Nilikuwa naamini, na mtu akiamini huona. Hata ule uongo wa ukuta ulinitoka kabla sijauita. Kiplagat atacheka mwaka mzima, na acheke. Hayo yote yaliharibika, lakini hakuna hata moja kati yake lililo baya kama hili linalofuata.

Mzee aliponiuliza lile swali alikuwa bado yuko magotini. Hakuwa na haraka. Aliuliza kwa Kiswahili, si Kiingereza, kile Kiswahili chake cha kitoto, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari anajua na anataka tu nimsaidie kulisema. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na nafasi pana kama uwanja, na nilijua, nilijua kabisa mdogo wake yuko wapi, ningeweza kunyoosha kidole.

Nikafikiria jina langu kwenye kile kitabu.

Nikasema, "Hakika."